Mama, Ulituachia Makopo Ishirini na Manne

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu ulipotuachia makopo ishirini na manne ya maziwa ya unga bila hata mstari mmoja wa maelezo. Wenzetu wakifiwa na mama hubaki na wosia na maneno ya busara. Sisi tulibaki na makopo. Kumbukumbu hizi huwa zinaandikwa kwa upole, nasi tumejaribu upole mara tatu, karatasi zimeishia kwenye taka. Basi tuseme ukweli kama ulivyo: tunakupenda, tunakulilia, na ulituchosha.

Ulituchosha kwanza hapa nyumbani. Sufuria kubwa ya nyumba hii ilikaa shuleni, katika darasa lako la chekechea, miaka kumi na moja, eti kwa sababu hakuna sufuria nyingine duniani yenye sauti nzito kama ile. Mwiko ukitafutwa ulikutwa kwenye mkoba wako, pamoja na chaki na kipande cha mpira wa baiskeli. Mwanao mkubwa, fundi bomba, alipopotelewa na kipande cha bomba hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja chekechea akakikuta kimening'inizwa kwa kamba, watoto wamepanga foleni kukigonga.

"Mama, hiki ni cha mteja," alikulalamikia.

"Mteja wako anajua kwamba kinaimba?" ukamjibu, ukaendelea na somo.

Kutoka na wewe ilikuwa adhabu. Tulikupeleka duka la samani ukachague meza, ukazigonga zote moja baada ya nyingine huku umetega sikio, mpaka muuzaji akaapa mbele ya wateja wake kwamba mbao zake hazina mchwa. Hata hospitali, siku zile za mwisho, ulimsihi muuguzi asilitie mafuta gurudumu la toroli ya dawa, kwa sababu linakwenda na mapigo. Muuguzi alicheka. Sisi tulitoka nje ya wodi tukashika vichwa.

Aliyepata tabu kuliko wote ni Baba. Mzee wa watu alikuwa na koti moja la maana, la kijivu, lenye vifungo sita vya shaba. Kifungo cha kwanza kilipopotea alimlaumu dobi. Cha pili kilipopotea alimgombeza. Baada ya cha tatu akahamia kwa dobi mwingine, na vilipokwisha vyote sita alikuwa hasemezani na madobi watatu wa mtaa mzima. Muda wote huo wewe ulikaa naye mezani, uso mkavu, unamwambia, "Pole mzee wangu, watu wa siku hizi hawana uaminifu." Hilo tutalirudia.

Hatusemi kwamba hatukujua ulichokuwa unakifanya kule shuleni. Tulijua. Ulipewa chumba cha mwisho kabisa, kinachopakana na choo, chenye dirisha lisilofungika, na ndani ya chumba hicho hukuwahi kupaza sauti. Kila jambo lilikuwa na wimbo wake. Kunawa kulikuwa na wimbo, kupanga viatu kulikuwa na wimbo, kupokezana bembea kulikuwa na wimbo, na ukiisha wimbo, zamu yako nayo imekwisha, hakuna kulia. Na mahudhurio hukuita kwa majina. Ulijificha nyuma ya pazia, ukatikisa kopo moja, na mtoto mwenye sauti ile alisimama, akaja kulipokea, akalitikisa kujibu. Watoto wa miaka minne walijua nani hakuja leo kwa kusikia tu kopo ambalo halikujibiwa.

Kopo la kwanza kutikiswa lilikuwa lako mwenyewe. Fujo ikizidi ulilitikisa taratibu, kisha taratibu zaidi, mpaka wenyewe walinyamaza ili walisikie.

Mwanao wa pili, huyu mwalimu wa hesabu wa darasa la saba, alikubembeleza miaka yote. "Mama, andika. Andika nyimbo, andika kopo lipi ni la nani na lina nini ndani. Siku ukiugua mwenzako atashika wapi?"

"Niandike ya nini?" ulimjibu. "Wenyewe wanajua."

Tulidhani ni ubishi wako wa kila siku.

Ukatutoka wakati wa likizo, na makopo yalikuwa hapa nyumbani kwa sababu uliyaleta uyafute vumbi. Nyumba ilijaa watu, chakula kikaanza kupungua. Unamjua Shangazi, dada yake Baba, kitu kikikaa bure mbele yake hapati usingizi. Alilichukua kopo moja, akalitikisa, akasikia maharagwe. Akatikisa la pili, akasikia mchele. "Jamani wifi yangu," alisema huku akifuta machozi, "alikuwa mtu wa akiba. Angalieni, kila kitu kwenye kopo lake." Akamwaga maharagwe kwenye maharagwe, mahindi kwenye mahindi, mchele kwenye mchele. Kokoto na mchanga akavitupa nje mlangoni. Makopo akayaosha, akayaanika juani yakametameta.

Maharagwe yale tuliyala, Mama. Tunakiri. Hayakuiva vizuri, mengine yalikuwa na umri wa miaka mitatu, lakini tulikula darasa lako zima siku ile, na wageni wakamsifu mpishi.

Katika kopo moja Shangazi hakukuta nafaka. Alikuta vifungo sita vya shaba. Alivijua palepale, akampelekea kaka yake kiganjani, mbele ya waombolezaji wote. Baba alivihesabu kimoja kimoja. Tulingoja alie, tukamsogelea tumshike.

"Kumbe dobi wa watu," alisema.

Wiki hiyohiyo alivishona kwenye koti kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo akawa analivaa limefungwa mpaka shingoni, jua liwake lisiwake. Hakuna aliyejiuliza kopo lile lilikuwa la nani. Yote yalifanana.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu mkuu alimwomba mwanao wa pili akushikie darasa kwa wiki mbili. Wiki mbili tu, kisha arudi kwa wakubwa wake wanaokaa kimya na kuchora pembetatu. Akakubali kwa moyo mkunjufu. Aliyakuta makopo matupu, akajua kwamba ndani palikuwa na vitu kama maharagwe, ila lipi lilikuwa na nini hakujua, na kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu akafanya haki: alinunua maharagwe mapya, akapima nusu kikombe kwa kila kopo, bila kuzidisha wala kupunguza hata punje.

Asubuhi ya kwanza alijificha nyuma ya pazia kama wewe, akatikisa kopo. Hakusimama mtu. Akatikisa la pili. Kimya. Alipofika la tisa, alichungulia. Watoto ishirini na watatu walikuwa wanalitazama pazia kama watu waliopanda basi lisilo lao.

Kuna msichana mmoja pale, wenzake wanamwita Kijiko kwa sababu haachi kijiko mkononi, anagonga kila kitu. Kijiko ndiye aliyesimama.

"Mwalimu Mpya," alisema, "hayo ni makopo ya nani?"

Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Walikuwa wameambiwa na mwalimu mkuu kwamba umesafiri. Alidhani ni huruma. Kwa hiyo hawakuwa darasani, walikuwa kituoni wanakungoja, na mtu anayengoja hafundishiki. Mwanao alijaribu wimbo wa kunawa aliokuwa anaukumbuka kwa mbali, *Maji kwanza, sabuni pili, vidole kumi vyote vioge*, wakamwambia, "Sio hivyo." Akaubadilisha. "Sio hivyo." Akasema, basi imbeni nyinyi, na wao wakagoma, kwa sababu wimbo anaanzisha Mwalimu na Mwalimu hayupo. Bombani wakarushiana matope. Kwenye bembea wakang'atana. Alipiga kelele Jumatatu, akapiga kelele Jumanne, na Jumatano sauti ikamkauka kabisa, akawa anafundisha kwa ishara kama askari wa barabarani.

Jioni alirudi nyumbani, akautupa mkoba kwenye kiti, akasimama mbele ya picha yako. "Mstari mmoja, Mama," aliinong'oneza, maana sauti haikuwepo. "Mstari mmoja tu ungekushinda nini?" Shangazi akamwambia asigombane na maiti. Akajibu kwamba hagombani na maiti, anagombana na mama yake, ni mambo mawili tofauti.

Wiki mbili zikapita, na mwalimu mkuu akamwita ofisini. Si mtu mbaya yule, ila anapenda kusikia saa ya ukutani inavyokwenda. Alimwambia mkaguzi wa shule anakuja mwisho wa mwezi ujao. "Mama yako alikuwa na kipaji chake, sikatai. Lakini mkaguzi akikuta fujo hii, makopo yataenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na saa ya muziki itakuwa saa ya kuandika herufi. Watoto wakae, washike penseli, tumalize."

Hapo ndipo roho ya mwanao ilipokwenda juu. Alikuwa na hasira na makopo yale kuliko mwalimu mkuu, lakini kumsikia mtu mwingine akiyaita vyuma chakavu hakuweza. Miaka kumi na moja yako ingepimwa kwenye mizani uani na kuondoka kwenye mkokoteni. Alirudi darasani, akawakalisha watoto chini, na kwa kuwa hakuwa na la kupoteza, akawaambia ukweli, au nusu yake.

"Makopo yenu yalimwagwa, yakapikwa, kwa bahati mbaya. Na mimi sijui Mwalimu wenu alitia nini kwenye kopo lipi."

Kijiko alimtazama kwa huruma kubwa, kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua choo kiko wapi.

"Mwalimu hakutia kitu," alisema. "Langu nilitia mimi."

"Na langu mimi," akadakia mwingine, na mwingine, darasa zima.

Hivyo ndivyo tulivyojua, Mama. Kumbe mtoto akiletwa analia, amemng'ang'ania mzazi wake mguuni, ulikuwa unampa kopo tupu na kumwambia, "Hili ni lako, bado bubu, nenda ukalitafutie sauti." Naye anasahau kulia, anazunguka uwanja mzima anaokota na kutia na kutikisa na kumwaga, siku mbili, siku tatu, mpaka aridhike. Miaka kumi na moja tulikaa nawe meza moja na hukutuambia jambo hili. Tulikuuliza, ukatujibu wenyewe wanajua, na kweli walikuwa wanajua. Inaudhi kushindwa na mtu ambaye huwezi tena kumwambia ameshinda.

Kesho yake watoto walikuja mifuko imevimba. Kulikuwa na punje za mahindi, kokoto, mbegu, ganda la konokono, na jino moja la maziwa ambalo mwenyewe aliapa lilikuwemo tangu mwanzo. Kazi ikaanza. Mmoja anatia na kutikisa, wengine wamefumba macho wanahukumu. "Bado." "Punguza." "Hilo sio lake, lake lilikuwa linakohoa." Mwanao aliwaacha wabishane kwa siku mbili, kisha damu ya hesabu ikamchemka, akaanza kuuliza: una punje ngapi, ukitoa tatu zinabaki ngapi, nani ana nyingi kuliko mwenzake? Ndani ya wiki tatu watoto ambao walikuwa wanakwama kwenye kumi walihesabu mpaka thelathini bila kulazimishwa, kwa sababu punje moja ikizidi kopo linasema uongo. Na huku wanatikisa, nyimbo zikarudi zenyewe. Ule wa kunawa, mwanao alikuwa ameukosea mahali pamoja tu: vidole havioshwi vyote kumi kwa mkupuo, vinaitwa kimoja kimoja.

Makopo ishirini na matatu yakapona. Likabaki moja.

"Bado la Mwalimu," walisema, na wakakaa wakilitazama pazia. Bila kopo lako mahudhurio hayaanzi, na bila mahudhurio hakuna linaloanza. Ndani yake hakuna aliyewahi kuona. "Linalia kama funguo," alisema mmoja. "Lakini sio funguo," alisema mwingine. Mwanao alitia funguo. Wakasema sio. Akatia misumari, nati za kaka yake, vifuniko vya soda, sarafu. Sio, sio, sio. Mkaguzi amebakiza siku tatu.

"Usijisumbue, Mwalimu Mpya," Kijiko alimwambia. "Kopo lake kasafiri nalo. Akirudi atalileta."

Mwanao akamwambia akafunge kamba za viatu.

Siku mbili kabla ya mkaguzi, Baba alirudi kutoka matembezini, akavua koti, akalitupa kwenye mgongo wa kiti. Vifungo vikagonga mbao. Mwanao alikuwa anakunywa chai, na kikombe kikamganda mkononi, maana wiki zile zilikuwa zimemtia masikio mapya.

"Baba, rudia."

"Nirudie nini?"

"Kulitupa koti."

Baba alidhani mtoto amechanganyikiwa kwa kazi, akalitupa tena kwa kumridhisha. Mwanao akasimama, akamweleza yote: kopo la ishirini na nne, watoto, mkaguzi, vifungo. Ungekuwepo ungeziba masikio.

"Sitoi!" alisema Baba. "Nimegombana na watu watatu kwa ajili ya vifungo hivi. Miaka minne natembea koti wazi kama mlevi, na yeye amekaa hapa, kwenye kiti hicho, ananipa pole! Ananiibia na ananipa pole! Vimerudi, nimevishona mwenyewe, leo unaniambia nivikate nitie kwenye kopo? Akirudi aniombe mwenyewe."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Shangazi akasema hata yeye asingetoa. Mwanao akaosha vikombe vyote vya nyumba hii, visafi na vichafu.

Asubuhi ya mkaguzi alikwenda bila kitu mkononi. Mkaguzi alikaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kidevuni, faili mapajani. Mwalimu mkuu alisimama karibu na ubao akiitazama saa. Watoto walikuwa wanalitazama pazia, kisha wakaanza kusukumana, kisha kelele zikapanda. Mkaguzi akafungua kalamu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Baba, koti limefungwa mpaka shingoni, mkononi ana mkasi mdogo wa kucha. Hakusalimia mtu. Miaka yote ile hakuwahi kukanyaga darasa lako. Alisema kelele za nyumbani zinamtosha. Alivuta kiti cha mtoto, akakaa, akasema, "Kopo liko wapi?"

Kijiko ndiye aliyemletea. Baba akakata kifungo cha chini, kikadondoka ndani, ting. Watoto wakanyamaza. Akakata cha pili. "Bado," walisema. Cha tatu. "Bado." Cha nne, cha tano. Cha shingoni kilimsumbua, macho hayakukifikia, na mwanao akainama akamshikia ukosi mpaka uzi ukakatika. Kisha mwanao akaenda nyuma ya pazia na kopo lako, akalitikisa taratibu, vile ulivyokuwa unafanya, na baadaye taratibu zaidi.

Hakuna aliyesema sio. Walikaa wima wote ishirini na watatu, mikono mapajani. Baba alikuwa analia waziwazi na hakujifuta.

Mwanao alipotoka nyuma ya pazia, Kijiko alikuwa amesimama anamngoja.

"Kwa hiyo Mwalimu hakusafiri nalo."

"Hapana. Hakusafiri."

"Kwa hiyo harudi."

Mwanao alipiga magoti wakawa sawa kwa sawa. "Harudi, mama. Alikufa. Tulipaswa kuwaambia."

Kijiko akagonga kopo kwa kijiko chake mara moja.

"Basi usilipike tena," alisema, akaenda kukaa mahali pake, mahudhurio yakaanza.

Mkaguzi aliuliza utaratibu huu umeandikwa wapi, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumwonyesha, shukrani kwako. Akaandika yeye, kurasa nne. Saa ya muziki ipo. Mwalimu mkuu amenunua pamba za masikio na hazungumzii tena vyuma chakavu. Na wiki mbili za mwanao wa pili zimefika mwaka. Darasa la saba wamepata mwalimu mwingine, na mwanao halalamiki sana.

Baba anatembea koti wazi, upepo unampiga kifua, anakohoa, na anakulaumu kwa kila kikohozi. Shangazi amemnunulia vifungo vya plastiki. Amevikataa. Watu wakimwuliza barabarani anawajibu, "Vyangu viko kazini."

Wanaokukumbuka ni mumeo, mwanao mkubwa, fundi bomba, ambaye sasa anapeleka vipande vya bomba mwenyewe kabla havijaibiwa, mwanao wa pili, Mwalimu Mpya, wifi yako, ambaye hafungui tena kopo bila kuuliza, wajukuu zako, madobi watatu, waliokwisha kuombwa radhi, na watoto ishirini na watatu.

Pumzika, Mama. Sufuria bado iko shuleni. Na kila asubuhi darasa likianza, daima utaitwa wa kwanza.